Vipande vya kijiji: ubao wa Waluba, meza ya mfalme na katoni za watoto wa Wamaza

Habari ya leo imeanzia kwenye katoni ya biskuti.

Juma lililopita nilipita uani kwa familia moja inayokaa na wageni kutoka upande wa Kabambare. Chini ya mwembe nilikuta watoto sita wamechuchumaa. Mkubwa wao, mvulana wa miaka kama kumi na miwili, alikuwa amekata katoni vipande vya mraba, kila kimoja kama kiganja cha mtu mzima. Juu yake amebandika vitu kwa uji wa unga wa muhogo: mchanga kuwa njia, kipande cha mfuko wa buluu kuwa mto, vijiti kuwa nyumba, majani makavu yaliyosagwa kuwa msitu. Ukiviunganisha kama karo za sakafuni, unapata kijiji.

Mchezo wao ni huu. Mmoja anasimulia: "Umefika mtoni. Mvua imenyesha, mti wa kuvukia umebebwa na maji. Unafanya nini?" Mwenzake anajibu, kisha anarusha kifuniko cha chupa. Kikilala chali, amevuka. Kikilala kifudifudi, atafute njia nyingine. Msimulizi anaongeza kipande kipya na safari inaendelea.

Mzee mmoja alisimama akatazama. Akainama, akahamisha kipande cha kisima. "Kisima chetu hakikuwa huku," akasema, "kilikuwa nyuma ya shule." Hapo mama wa mtoto akatoka jikoni kwa hasira: "Tupeni hivyo vitu! Watu wakiona mnachora kijiji, watasema sisi wapelelezi." Kila mmoja alikuwa na haki yake. Ndiyo maana nimeona tuzungumze historia kidogo, kwa sababu mchezo huu una wakubwa wake.

Wa kwanza yuko Ulaya. Mwaka 1812, mtu mmoja wa Prussia, nchi ya zamani ya Wajerumani, aitwaye Georg Leopold von Reisswitz, alimpelekea mfalme wake Friedrich Wilhelm wa Tatu meza kubwa yenye droo. Ndani ya droo mlikuwa na vipande vya plasta vilivyopakwa rangi: vilima, mito, barabara, vijiji. Mchezaji alivipanga apendavyo, akapata nchi mpya kila siku, na watu wakacheza vita bila kumwaga damu. Mwaka 1824 mwanawe, ambaye alikuwa afisa wa mizinga, alibadilisha mchezo ule: akatumia ramani za karatasi, na kete zikasaidia kuamua matokeo ya mapigano. Jeshi likaupokea.

Miaka mia moja na hamsini baadaye, mwaka 1974, Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Hapo mtu haongozi jeshi tena. Anakuwa mtu mmoja ndani ya hadithi, na mwenzake ndiye msimulizi. Hadi leo, wachezaji wengi huko wanajitengenezea nyumbani vipande vya ardhi kwa katoni, gundi na mchanga. Mtoto wetu hajapata kuwaona, lakini njaa ya kusimulia imempeleka kwenye kazi ileile.

Mkubwa wa pili ni jirani yetu kabisa. Tupande Lualaba, mto huu huu unaoshuka kupita nchi ya Kasongo kwenda Kindu, tufike kwenye maziwa ya Upemba. Huko ni kwa Waluba. Wao walikuwa na kitu kinachoitwa lukasa: ubao mdogo wa mti, wa kushika mkononi, mwembamba katikati na mpana kwenye ncha zake. Juu yake kuna shanga na simbi zilizopigiliwa, au alama zilizochongwa. Mgongo wake unafanana na gamba la kobe. Ubao huo ulikuwa mali ya chama cha Mbudye, walinzi wa historia ya ufalme.

Msimulizi aliushika kwa mkono wa kushoto, na kidole cha mkono wa kulia kikatembea juu ya shanga. Mstari wa shanga unaweza kuwa njia au safari. Shanga kubwa iliyozungukwa na ndogo inaweza kuwa mfalme na watu wake. Kidole kilipotembea, hadithi ilitoka: mfalme mkali Nkongolo Mwamba, kisha mwindaji Mbidi Kiluwe aliyetoka mashariki, kisha mwanawe Kalala Ilunga aliyemshinda Nkongolo na kutawala. Ardhi, wafalme na sheria, vyote juu ya kitu kinachoshikika mkononi.

Sasa sikilizeni jambo linalomhusu yule mama. Lukasa haisemi peke yake. Asiyefundishwa akiiokota, anaona shanga tu. Hata walinzi wenyewe hawakuisoma kwa namna moja kila siku: waliangalia nani ameketi mbele yao na neno gani linahitajika. Baadhi ya mbao hizo leo ziko kwenye majumba ya makumbusho Ulaya na Marekani. Mbao zimefika salama, lakini maneno ya wale waliozishika hayakusafiri pamoja nazo.

Hapo ndipo penye hatari yetu. Familia nyingi zina miaka chini ya shitingi au katika nyumba za watu. Watoto waliozaliwa hapa hawajui kijiji chao. Wazee wanaojua mpaka wa shamba ulipita kwenye mti gani wanazidi kupungua. Siku amani itakaporudi, watu watarudi pia, na ugomvi wa kwanza utakuwa shamba: huu ni mgomba wa nani, kijito hiki kiligawa nani na nani?

Kwa hiyo siwaambii mtupe katoni. Lakini mama yule asidharauliwe, kwani hofu yake ina sababu. Nashauri mambo matatu. Kwanza, vipande vioneshe maisha: nyumba, shule, kisima, makaburi, miti, mashamba. Kambi, silaha na machimbo ya dhahabu visiwekwe kabisa. Pili, msiandike majina juu yake. Majina yakae kinywani mwa wazee na masikioni mwa watoto, kama lukasa, ili anayeokota aone katoni tu. Tatu, mzee asiache watoto wacheze peke yao. Aketi, asimulie, ahamishe kipande kilichokosewa.

Na uzuri wa kipande ni huo, kwamba kinahama. Mstari wa ramani ukishachorwa, watu wawili wasiokubaliana watagombana juu yake. Kipande kinaweza kuwekwa pembeni hadi wakubaliane.

Nilirudi uani kule juzi. Mama alikuwa amekubali, kwa sharti vipande vilale ndani ya nyumba usiku. Mzee alikuwa na jirani yake wa zamani, wanabishana kuhusu kijito cha nyuma ya shule. Hawakumaliza. Mvulana akaweka pale kipande kitupu, kisicho na kitu, akawaambia: "Babu, tutakijaza mkikubaliana." Mdogo wake, aliyezaliwa hapa Wamaza, akauliza nyumba yao ni ipi. Walimwonesha kijiti kimoja karibu na mwembe wa majani makavu. Akakigusa kwa kidole, akauliza njia ya kwenda mtoni, na mzee akaanza kumsimulia.