Mazingira ya majaribio ya programu, usimikaji wake unaojiendesha

Mazingira ya majaribio ni nakala ya mfumo wa kompyuta, pamoja na seva, kanzidata na mipangilio yake, inayotengwa ili watengenezaji wa programu waijaribu bila kuugusa mfumo unaotumiwa na wananchi. Usimikaji wake huitwa wa kujiendesha pale ambapo nakala hiyo hujengwa, hujazwa data na kuvunjwa kwa maagizo yaliyoandikwa mara moja, yakatekelezwa na kompyuta kila yanapohitajika. Fundi hapigi tena amri moja moja kwa mkono.

Nchini Tanzania umuhimu wa kazi hii unaonekana wazi katika taarifa za afya. Vituo vya kata za Umatengoni kama Maguu, wilayani Mbinga, na vile vya ufukwe wa Ziwa Nyasa huandika huduma zao katika vitabu vya MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za huduma za afya. Mwezi ukiisha, hesabu za watoto waliochanjwa, wajawazito waliohudhuria kliniki na wagonjwa wa malaria hujumlishwa na kuingizwa katika DHIS2. Hiyo ni programu huria inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norway, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameshiriki kuifanya ikidhi mahitaji ya Tanzania. Kenya iliieneza nchi nzima mwaka 2011, Tanzania ikafuata mwaka 2013. Hitilafu ya toleo jipya haifai kugunduliwa katika ofisi ya mganga mkuu wa wilaya, ripoti za mwezi zikiwa zinasubiriwa.

Hatari kubwa zaidi imo kwenye kanzidata. DHIS2 huhifadhi data katika PostgreSQL, na toleo jipya linapowashwa kwa mara ya kwanza hubadilisha muundo wa majedwali kwa zana iitwayo Flyway. Kwenye kanzidata tupu mabadiliko hayo hupita bila shida. Kwenye kanzidata yenye takwimu za miaka mingi, safu moja yenye thamani isiyotarajiwa yaweza kuuzuia mfumo mzima usiwake. Kwa hiyo jaribio la maana huanza na data ya toleo la zamani, ndipo toleo jipya lisimikwe juu yake. Timu inayojaribu kwenye kanzidata tupu peke yake inajidanganya.

Timu ya DHIS2 imeiweka kazi hiyo hadharani. Badiliko la msimbo likipokelewa, mashine huukusanya msimbo, huupima, kisha hutengeneza taswira ya Docker, yaani kifurushi chenye programu na kila inachokitegemea. Kwenye seva za maonyesho za play.dhis2.org, mtu yeyote ameweza kuingia kwa jina la admin na nywila ya district. Humo hukuta ramani ya Sierra Leone na kituo cha afya cha Ngelehun, ambacho wanafunzi wengi wa DHIS2 wanakifahamu. Takwimu zake si halisi. Mgeni hufuta, huongeza na kuharibu apendavyo, kwa kuwa seva hizo hurudishwa katika hali ya awali kwa ratiba.

OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa uliochipuka Eldoret, Kenya, baada ya Paul Biondich na Burke Mamlin kufika huko mwaka 2004, una seva tofauti kwa kila hatua: moja hupokea mabadiliko mapya ya watengenezaji, nyingine hupima toleo linalokaribia kutoka, na ya tatu ni ya maonyesho.

Zana nyingi za kazi hii ni za muongo wa 2010: Jenkins ilianza kutumia jina hilo mwaka 2011, Ansible ikatoka 2012, Docker 2013, Terraform na Kubernetes 2014. Kabla ya zana hizo kuenea mafundi walifuata orodha ya hatua, na mwanadamu husahau. Tarehe 1 Agosti 2012 kampuni ya Knight Capital ya Marekani ilipoteza zaidi ya dola milioni 440 kwa muda wa dakika 45 hivi, kwa sababu msimbo mpya haukuwekwa kwenye seva moja kati ya 8.

Kujaza mazingira ya majaribio rekodi za wagonjwa halisi ni kosa ambalo wepesi wa kunakili unalikaribisha. Nakala ya majaribio hufunguliwa na watu wengi, na mara nyingi ulinzi wake ni hafifu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, haimwachi mgonjwa bila kinga kwa sababu tu jina lake limo kwenye seva ya majaribio. Majina, namba za simu na vijiji hubadilishwa kabla ya data kunakiliwa, na skripti ya kubadilisha huwekwa ndani ya maagizo yaleyale ya usimikaji ili isirukwe.

Kwa timu ndogo, kompyuta moja ya mkononi na faili la Docker Compose vinatosha kuanza. Kikwazo huwa intaneti: taswira moja yaweza kufika mamia ya megabaiti, hivyo ofisi zenye mtandao wa kusuasua hupakua taswira mara moja na kuzihifadhi kwenye seva ya ndani, ambako mashine nyingine zote huzichukua.