Jahazi Lisilo na Mkuku: Nyumba na Rizki ya Familia za Friesland

Wengi wetu tukisikia neno jahazi huona picha moja: chombo chenye mkuku mrefu chini, tanga la pembetatu juu, na bahari pana mbele yake. Mkuku ndio unaokizuia chombo kisisukumwe kando kama jani pale upepo unapopiga ubavuni. Sasa fikirini watu ambao hawawezi kuwa na mkuku kabisa, kwa sababu maji ya kwao hayana kina, na ambao pamoja na hayo waliishi kwa tanga, baba, mama na watoto, kizazi baada ya kizazi.

Watu hao ni Wafrisia wa jimbo la Friesland, kaskazini mwa Uholanzi. Wana lugha yao wenyewe, tofauti na Kiholanzi. Nchi yao ni tambarare yenye maziwa mengi, kama vile Sneekermeer, Tjeukemeer na Slotermeer, na sehemu kubwa ya maziwa hayo kina chake ni mita moja au mbili tu. Yote yameunganishwa kwa mifereji. Kabla ya barabara za lami, karibu kila mzigo mzito ulipita majini.

Chombo chao huitwa skûtsje, yaani mashua ndogo, ingawa si kidogo hivyo: urefu wake ni kati ya mita 12 na 20, na hubeba tani 20 hadi 50 hivi. Kitako chake ni bapa kama cha tishali, hivyo kikiwa kitupu huelea penye maji yasiyofika kiunoni. Badala ya mkuku kina mbao mbili pana, moja kila ubavu, zinazofanana na mbawa. Nahodha akitaka kubisha, huteremsha majini ile ya upande usiopigwa na upepo, nayo hushika maji kama mkuku. Akifika penye maji haba huipandisha. Mlingoti nao umefungwa kwa bawaba na kuwekewa uzito chini, ili uweze kulazwa kwa haraka daraja linapokaribia na kusimamishwa tena ng'ambo ya pili. Mimi naona hekima yote ya chombo hiki imo hapo, katika kubeba mzigo mkubwa kwa mikono michache, kwa kuwa mabaharia wake walikuwa ni mtu na ahali yake.

Walibeba nini? Kwanza kabisa, udongo mweusi wa kinamasi. Udongo huo ulikatwa vipande kama matofali, ukaanikwa, kisha ukauzwa mijini uchomwe kama kuni. Uholanzi haikuwa na misitu ya kutosha, na kwa karne nyingi majiko yake yaliwaka kwa udongo huo. Baadhi ya maziwa ya huko ni mashimo yaliyoachwa na wachimbaji, yakajaa maji.

Walibeba pia samadi, viazi na udongo wa vilima. Hapa inafaa tusimame kidogo. Zamani, kabla ya kujengwa kuta za kuzuia bahari, watu wa pwani ile waliishi juu ya vilima walivyovijenga wenyewe kwa udongo, samadi na taka za nyumbani, ili maji yakijaa wasizame. Mwandishi wa Kirumi, Plinio Mkubwa, aliwaeleza watu wa vilima hivyo katika karne ya 1. Kuanzia katikati ya karne ya 19 iligunduliwa kwamba udongo huo ni mbolea nzuri mno. Basi vilima vikachimbwa, vikapakiwa chomboni na kumwagwa kwenye mashamba yenye ardhi dhaifu. Makazi ya mababu yaliondoka hivyo, shehena baada ya shehena.

Familia iliishi ndani ya chumba kimoja kidogo upande wa tezi. Humo kulikuwa na jiko, na kitanda cha wazazi kilichojengwa ndani ya ukuta kama kabati. Watoto walijibana palipobaki nafasi. Sehemu nyingine yote ya chombo ilikuwa ya mzigo, kwani mzigo ndio uliolipa.

Upepo ukiwa mwema, maisha hayo yalikuwa na raha yake. Lakini mfereji ni mwembamba, na upepo ukitoka mbele hakuna nafasi ya kubisha. Hapo ndipo mama alipovaa mkanda mpana kifuani na begani, akashuka ukingoni na kukivuta chombo kwa kamba, mara nyingi pamoja na watoto wakubwa. Aghlabu mume alibaki chomboni akishika usukani au akipiga pondo. Picha za zamani zinawaonyesha wanawake hao wameinama mbele hadi karibu kuanguka, na tani kadhaa za mzigo nyuma yao. Wanaosimulia leo habari za matanga mazuri ya Friesland wasiisahau kamba hiyo.

Na elimu je? Mwaka 1900 Uholanzi ilipitisha sheria ya kulazimisha watoto kusoma, kwa kura 50 dhidi ya 49, na mbunge mmoja aliyepinga hakufika kwa sababu alianguka farasi. Hata hivyo watoto wa vyomboni, wasiokuwa na makao ya kudumu, kwa sehemu kubwa waliachwa nje. Mtoto alisoma siku chache pale chombo kilipotia nanga, kisha safari ikaanza tena.

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1880 vyombo hivi vilianza kuundwa kwa chuma badala ya mbao, na vya mwisho vilitoka viwandani mwanzoni mwa miaka ya 1930. Wakati huo injini na malori yalikuwa yameshaanza kuwanyang'anya kazi. Mdororo wa uchumi ulipozidi, serikali ilitunga sheria mwaka 1933 ya kugawa mizigo kwa zamu, manahodha wakawa wanasubiri siku nyingi wapate shehena moja. Baada ya Vita Kuu ya Pili wengi walihamia nchi kavu. Baadhi ya vyombo viling'olewa milingoti vikawa nyumba za kuelea, vingine vikauzwa kama chuma chakavu.

Vilivyosalia vimeokolewa na mashindano. Mwaka 1945 iliundwa kamati ya mashindano ya skûtsje, na kila kiangazi vyombo 14, kila kimoja kikiwakilisha mji au kijiji chake, hushindana kwa muda wa wiki mbili katika maziwa mbalimbali. Nahodha lazima awe wa nasaba ya manahodha wa mizigo. Sharti hilo wengine waliliona gumu, hivyo mwaka 1981 yakaanzishwa mashindano mengine yasiyouliza babu yako alikuwa nani. Kwa ajili hiyo vyombo vingi vilivyokuwa vimegeuzwa nyumba vilirudishiwa milingoti na matanga.

Maelfu ya watu huja kutazama. Siku upepo unapokatika kabisa, shindano hufutwa na watu hurudi nyumbani.