Friji haigandishi: jinsi ya kumpata fundi wa kuaminika Bagamoyo na vijiji vya jirani

Joto la kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, ndilo linalotuonesha vifaa vya nani vimechoka. Feni inazunguka kama inasukumwa, friji inanguruma usiku kucha lakini maji hayapoi, na friza ya mama muuza samaki inaamka inachuruzika maji. Hapo ndipo mtu anampigia fundi wa kwanza aliyetajwa, bila kuuliza lolote.

Mama yangu mdogo anauza barafu za ubuyu huko Zinga. Kuna mwaka friza yake ilijazwa gesi mara tatu ndani ya miezi minne, na fundi yule yule. Kila mara iligandisha wiki chache, kisha ikarudi kule kule. Fundi wa pili alipaka povu la sabuni kwenye mabomba, akamuonesha mahali panapotoa mapovu, akapaziba. Fedha za mara tatu za mwanzo zilikuwa zimepotea hewani pamoja na gesi yenyewe.

Makala hii inaeleza namna ya kumtambua fundi wa aina ya yule wa pili, iwe unakaa Magomeni, Kaole, Kerege, Mapinga au mbali zaidi kama Makurunge na Saadani.

Kabla hujapiga simu

Matatizo mengine hayahitaji fundi. Angalia haya kwanza:

- Je, umeme upo na unatosha? Umeme wa nyumbani Tanzania ni volti 230. Jioni watu wengi wanapowasha vifaa, sehemu nyingine unashuka. Taa zikififia na friji ikashindwa kuwaka, huenda kosa si la friji. Kama na majirani wanalalamika, toa taarifa TANESCO.
- Chomoa friji kwenye ekstensheni, ichomeke moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani.
- Bana karatasi kwenye mlango, kisha ivute. Ikitoka kirahisi, raba ya mlango imelegea na baridi inatoka.
- Barafu ikiwa nene ndani, zima friji, acha iyeyuke yenyewe. Usibandue kwa kisu. Ukitoboa bomba, gesi yote inatoka.
- Je, friji imebanwa ukutani? Mabomba ya nyuma au ubavuni hutoa joto, hivyo yanahitaji nafasi ya kupumua.

Kwa feni, ikizunguka polepole au mpaka uisukume kwa mkono, mara nyingi kilichochoka ni kapasita, kifaa kidogo chenye bei ndogo. Ikiwa nzito kuzunguka hata ukiwa umeizima, huenda ni uchafu au bushi zimekwisha. Si lazima mota iwe imeungua.

Gesi ya friji haiishi kama mafuta

Hili ndilo jambo moja ninaloomba ulishike. Gesi ya friji au kiyoyozi hailiwi. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa: kompresa inaisukuma, inatoa joto nyuma, inaingia ndani ya friji ikiwa baridi, kisha inarudi kwenye kompresa. Mzunguko huo unaweza kwenda miaka mingi bila kuongezwa hata kidogo.

Kwa hiyo fundi akikwambia "gesi imekwisha," swali lako liwe moja: "Imetokea wapi?" Fundi mzuri atatafuta mahali inapovuja, ataziba, ndipo atajaza. Anayejaza bila kutafuta tundu anakuuzia wiki chache za baridi.

Huku kwetu pwani swali hili lina uzito zaidi, kwa sababu upepo wa bahari una chumvi na chumvi hula chuma na mabomba. Sehemu ya nje ya kiyoyozi iliyofungwa ukuta unaotazama bahari huchoka mapema kuliko iliyofungwa upande wa pili wa nyumba.

Aina ya gesi nayo ni muhimu. Imeandikwa kwenye lebo iliyobandikwa nyuma au ndani ya friji. Friji nyingi za zamani kidogo zina R134a. Nyingi za sasa zina R600a, ambayo inawaka moto kama gesi ya kupikia. Friji ya R600a ifanyiwe kazi mahali penye hewa, mbali na jiko na sigara, na fundi asichomelee bomba lenye gesi ndani. Gesi inayoingia ni gramu chache tu, kwa hiyo inapimwa kwa mizani. Fundi anayetaka kuweka gesi ya aina nyingine kwa sababu ndiyo aliyokuja nayo, mwambie asubiri.

Viyoyozi vingi vya zamani vinatumia R22. Gesi hiyo huharibu tabaka la ozoni, na chini ya Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987 nchi zinazoendelea zinaipunguza hatua kwa hatua kufikia 2030. Kama kiyoyozi chako ni cha R22 na kinavuja, linganisha gharama ya matengenezo na bei ya kipya kabla hujatoa fedha.

Wapi pa kumtafuta fundi

Anza na watu ambao friji ikizima wanapata hasara siku hiyo hiyo: wauza samaki wenye mafriza, wenye bucha, maduka ya soda na maji baridi, nyumba za wageni. Usiwaulize tu "mnamjua fundi?" Waulize: "Alitengeneza nini, lini, na mpaka leo kinafanya kazi?" Ukisikia jina moja kwa watu watatu wasiojuana, umepata pa kuanzia.

Kigezo cha pili ni mafunzo. VETA hufundisha ufundi wa majokofu na viyoyozi, na chuo chao cha Chang'ombe, Dar es Salaam, ni miongoni mwa vinavyojulikana kwa fani za umeme na ufundi. VETA pia ina utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunza kazi mtaani. Kwa hiyo kumuuliza fundi wa kijijini kama ana cheti si kumdharau. Asiyekuwa nacho anaweza kuwa mzuri pia, ila kazi zake za nyuma ndizo zitakazomtetea.

Kama kifaa bado kina waranti, usimwite fundi wa mtaani. Rudi dukani na risiti yako. Kikifunguliwa na mtu mwingine, duka linaweza kukataa kukuhudumia.

Na kama tatizo ni nyaya za nyumba, soketi zinazoungua au swichi kuu kujizima, huyo ni fundi mwingine. Mafundi wa kufunga umeme majumbani hupewa leseni na EWURA. Muombe akuoneshe.

Maswali ya kuuliza kwenye simu

Piga picha ya lebo ya friji, mtumie WhatsApp pamoja na maelezo: iliacha lini, inanguruma au kimya, taa ya ndani inawaka au haiwaki. Kwa aliye mbali hii inaokoa nauli, kwa sababu fundi anakuja na kipuri kinachofaa. Kisha uliza:

1. Kuja kuangalia tu ni shilingi ngapi, na nauli ya bodaboda analipa nani?
2. Una mita ya kupimia umeme, geji na pampu ya kuvuta hewa?
3. Ukitengeneza, unatoa dhamana ya muda gani?
4. Ofisi au kijiwe chako kiko wapi?

Asiyetaka kujibu swali la nne atakusumbua sana siku ukimhitaji tena.

Akiwa nyumbani kwako

Fundi makini anauliza kabla ya kufungua. Anapima umeme wa soketi kwanza. Akisema kompresa imekufa, anakuonesha kwenye mita. Hapa wengi huumia, kwa sababu friji inayolia "tak" kisha ikanyamaza inaweza kuwa imeharibika kifaa kidogo cha kuwashia kilichobanwa ubavuni mwa kompresa. Bei yake haikaribii bei ya kompresa.

Akifungua mfumo wa gesi, aweke chujio jipya na avute hewa kwa pampu kabla ya kujaza. Hewa na unyevu vikibaki ndani huziba njia na kuua kompresa. Mwombe akuachie vipuri vya zamani alivyotoa.

Akitaka kuondoka na friji au kompresa, piga picha ya kifaa na namba yake, kisha muandikishane: jina, simu, tarehe, alichochukua, siku ya kurudisha.

Malipo na karatasi

Kubalianeni bei kabla ya kazi, mkitenganisha kipuri na ufundi. Kama anahitaji fedha za kufuata kipuri Kariakoo, toa ya kipuri tu na umuombe risiti. Ya ufundi ilipwe baada ya friji kuwaka na kuonesha baridi kwa saa kadhaa. Kulipa kwa simu kunakuachia ujumbe wenye jina, tarehe na kiasi. Usiufute.

Karatasi ya daftari inatosha kuwa mkataba: kazi iliyofanyika, aina ya gesi, kipuri kilichowekwa, dhamana, sahihi mbili.

Likitokea tatizo ndani ya dhamana, mpigie fundi kwanza, kwa lugha ya kiungwana. Akikwepa, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa au kitongoji na karatasi yako, na ikishindikana, baraza la kata lina kazi ya kupatanisha. Kwa kipuri au kifaa bandia kilichouzwa dukani, Tume ya Ushindani, FCC, hupokea malalamiko.

Wakati unamsubiri

Usifungue mlango ovyo. Friji iliyofungwa hutunza baridi kwa takriban saa 4. Friza iliyojaa hukaa zaidi, siku moja au hata mbili, lakini joto letu na raba mbovu hupunguza muda huo. Samaki aliyeanza kulainika, mhamishie kwenye barafu au mpike siku hiyo. Kama nyumbani kuna insulini, isigusane na barafu. Ipeleke kwa jirani mwenye friji nzima au uliza kituo cha afya kilicho karibu.

Umeme ukikatika na kurudi, subiri dakika 5 kabla ya kuwasha friji, ili msukumo wa gesi utulie. Kifaa cha kukata umeme unaposhuka au kupanda huifanya kazi hiyo chenyewe, na bei yake ni ndogo kuliko ya kompresa. Ukiwa karibu na bahari, zima na chomoa friji mara kwa mara, kisha futa mabomba ya nyuma kwa kitambaa chenye maji baridi kidogo ili kuondoa chumvi na vumbi.

Ukishampata fundi wa kweli, hifadhi namba yake kwenye simu mbili, yako na ya mtu mwingine wa nyumbani. Na msimu wa joto usikukute: mwite Oktoba au Novemba aangalie friza mapema, kabla ya foleni.