Kupewa Korasi: Nani Aliyechagua Tamthilia za Athens?

Katika mji wa Athens, karne ya tano kabla ya Kristo, mtunzi aliyetaka tamthilia yake ionyeshwe kwenye sikukuu ya Dionysus alikwenda kwa mkuu wa mji "kuomba korasi". Akikubaliwa, watu walisema "amepewa korasi". Msemo huu umenikaa moyoni kwa muda mrefu, nami naona unastahili kufikiriwa na kila mshairi aliyewahi kutuma kazi yake mashindanoni na kungoja orodha ya walioteuliwa. Orodha kama hiyo ilikuwapo miaka 2,500 iliyopita, na iliamua mengi kuliko hata ushindi wenyewe.

Kwanza neno. Korasi ilikuwa kundi la waimbaji na wachezaji ngoma, 12 hapo awali, kisha 15, waliosimama kati ya wahusika na hadhira, wakiimba, wakiuliza, wakilia, wakionya. Sisi tumelikopa neno kwa sauti yake, na tumefanya vyema, kwa kuwa "kiitikio" kwetu ni mstari unaorudiwa, ilhali korasi ya Kigiriki ni mhusika kamili. Neno "tanzia" nalo lina safari yake. Kwa Kigiriki aina hii ya mchezo huitwa kwa jina ambalo mizizi yake ni mbuzi na wimbo, na wataalamu hadi leo wanabishana mbuzi aliingiaje. Sisi tulichukua neno lenye asili ya Kiarabu lihusulo kuwapa pole wafiwa, lile lile litangulialo matangazo ya vifo redioni. Kwa maoni yangu, tuliopata hasara hapo si sisi.

Sikukuu kubwa ya Dionysus iliangukia mwishoni mwa Machi au mwanzoni mwa Aprili, na michezo ilionyeshwa kwenye mteremko wa kusini wa Acropolis. Upande wa tanzia waliteuliwa watunzi 3 tu. Kila mmoja alileta tanzia 3 pamoja na mchezo mmoja wa masatiri, wale viumbe nusu mtu nusu mnyama, wa kuchekesha baada ya machozi. Kwa hiyo aliyeteuliwa aliteuliwa kwa kazi 4, na aliyeachwa aliachwa na kazi 4 mkononi. Vichekesho viliingizwa rasmi katika mashindano baadaye, na kwa kawaida waliteuliwa watunzi 5, kila mmoja na mchezo mmoja.

Nani aliyeteua? Arkoni, afisa ambaye jina lake lilitumika kuutambulisha mwaka. Alishika madaraka katikati ya kiangazi, na Aristotle, au mwanafunzi wake, katika maelezo ya katiba ya Athens, anaonyesha kwamba miongoni mwa mambo ya awali kabisa aliyofanya ni kuwateua matajiri 3 wa kugharimia korasi za tanzia. Yaani miezi minane au tisa kabla ya sikukuu shughuli ilikwisha kuanza. Tangu mwaka 487 KK, arkoni alipatikana kwa kura ya bahati. Hakuwa mshairi wala mhakiki, wala hakuna aliyemtaka awe hivyo. Alikuwa raia ambaye jina lake lilichomoka, naye ndiye aliyewasikiliza akina Sophocles na kusema ndiyo au hapana.

Na "hapana" ilimpata Sophocles kweli. Cratinus, mtunzi wa vichekesho, alimdhihaki arkoni mmoja kwa kumnyima Sophocles korasi na kumpa mwana wa Cleomachus, mtunzi ambaye wenzake walimcheka kwa nyimbo zake za mapenzi laini. Dhihaka hiyo imetufikia kwa sababu mwandishi wa baadaye aliinukuu alipokuwa akizungumzia mambo mengine. Fikiri, msomaji: mtu aliyeshinda sikukuu hiyo mara 18 alikatazwa mlangoni, na lau si mzaha wa mwenzake tusingalijua kamwe. Ni wangapi walikatazwa wasipate wa kuwafanyia mzaha?

Aliyepewa korasi alihitaji sasa mdhamini. Tajiri huyo alilipa mafunzo, mavazi na chakula cha waimbaji kwa miezi mingi, ilhali waigizaji wakuu walilipwa na dola. Tunao ushahidi wa mahakamani wa mtu aliyejigamba kwamba alitumia drakma 3,000 kwa korasi moja ya tanzia, wakati ambapo fundi stadi wa ujenzi alipata kama drakma moja kwa siku. Mdhamini mkarimu aliweza kuupandisha mchezo wa kawaida, na bahili aliweza kuuzika mchezo bora. Nicias, jemadari na tajiri, inasemekana hakushindwa hata mara moja katika udhamini wake. Sioni kwamba hilo latueleza lolote juu ya mashairi.

Siku chache kabla ya sikukuu, watunzi walioteuliwa walipanda jukwaani pamoja na waigizaji wao kuitangazia hadhira watakachoonyesha. Mwaka 406 KK, habari za kifo cha Euripides zilipofika kutoka Macedonia, Sophocles, mzee wa miaka tisini hivi, inasimuliwa kwamba alijitokeza katika hafla hiyo akiwa amevaa nguo za msiba, na korasi yake haikuvaa mataji ya maua. Watu wakalia. Wawili hao walikuwa wameshindana kwa takriban nusu karne.

Sasa tuje kwa waamuzi, maana hapa Athens ilifanya jambo ambalo mimi, kwa kweli, nalistaajabia. Majina ya watu yaliwekwa katika mitungi 10, mtungi mmoja kwa kila kabila la mji, nayo ikatiwa mihuri na kuhifadhiwa Acropolis. Siku ya mashindano jina moja lilitolewa katika kila mtungi. Waamuzi hao 10 walikula kiapo, wakatazama michezo yote, wakaandika kura zao vibaoni. Lakini vibao vyote havikuhesabiwa. Vilichomolewa baadhi tu kwa bahati, na wataalamu wengi huamini kwamba ni 5. Aliyetaka kuhonga angelazimika kuwahonga watu asiowajua, kisha aombe Mungu kura zao zichomoke. Katika hotuba moja ya mahakamani tunamsikia mtu akilalamika kwamba mwamuzi fulani aliandika kura kama walivyopatana, ila kibao chake hakikutoka. Katika nyingine mtu anashutumiwa kwamba alifungua mitungi yenye mihuri na kuyaondoa majina yaliyowekwa na Baraza. Kumbe hata bahati nasibu haikuwanyima usingizi wenye hila.

Mara moja utaratibu huo uliwekwa kando hadharani. Plutarch anasimulia kwamba mwaka 468 KK, wakati Sophocles kijana alipoleta kazi zake za kwanza dhidi ya Aeschylus, hadhira iligawanyika kwa makelele, na arkoni hakuchomoa majina ya waamuzi. Jemadari Cimon alipoingia na wenzake 9 kutoa sadaka, aliwazuia, akawaapisha, akawakalisha wawe waamuzi. Sophocles akashinda. Aeschylus, kwa mujibu wa masimulizi hayo, alikasirika na baada ya muda mfupi akaondoka kwenda Sicily. Majemadari wakiamua ushairi! Hata hivyo sijui kama ningewalaumu kwa walichokiamua.

Maana waamuzi wa mitungini nao wana orodha yao. Mwaka 431 KK, Euripides alileta Medea pamoja na michezo mingine 3, akawa wa tatu kati ya watatu. Sophocles alikuwa wa pili. Wa kwanza alikuwa Euphorion, mwana wa Aeschylus. Mwaka 415 KK, miezi michache baada ya majeshi ya Athens kuwaua wanaume wa kisiwa cha Melos na kuwatia wanawake na watoto utumwani, Euripides aliwaonyesha watu wa mji huo huo wanawake wa Troy wakigawanywa kama nyara. Alishindwa na mtu aitwaye Xenocles. Hata mchezo wa Sophocles juu ya Mfalme Oedipus, ambao Aristotle aliurejea mara kwa mara kama kielelezo cha ufundi, ulitoka katika mashindano ambayo mshindi alikuwa Philocles, mpwa wa Aeschylus. Euripides kwa jumla alishinda mara 4 tu alipokuwa hai, na mara moja baada ya kufa.

Tusikimbilie kuwacheka waamuzi. Kura ilipigwa kwa kazi 4 pamoja, si kwa Medea peke yake, na sisi hatukuziona zile nyingine. Hatukusikia muziki, ambao umepotea karibu wote. Hatujui mdhamini alikuwa nani na alilipa nini. Tunachoweza kusema ni kwamba Euripides, hata aliposhindwa, aliendelea kupewa korasi. Mimi naona hapo ndipo penye uzito wa jambo lote. Taji lilimwendea mmoja, lakini nafasi ya kusikika iliwaendea watatu, na wakati watu 10 wa mitungini walipomwangusha, arkoni wa mwaka mwingine alimfungulia tena mlango. Laiti mchujo ungekuwa mkali kama hukumu, tusingekuwa na Euripides.

Kuteuliwa kulikuwa na hatari zake vilevile. Phrynichus alitunga tanzia juu ya kutekwa kwa Miletus, mji ndugu wa Athens uliobomolewa na Waajemi mwaka 494 KK. Herodotus anaeleza kwamba ukumbi mzima ulibubujikwa machozi. Kisha Waathens wakamtoza mtunzi faini ya drakma 1,000 kwa kuwakumbusha misiba yao wenyewe, wakaamuru mtu yeyote asiuonyeshe mchezo huo tena. Herodotus hamtaji aliyempa korasi. Tangu hapo tanzia zilizotufikia hukaa karibu zote katika visa vya kale, isipokuwa ile ya Aeschylus juu ya Waajemi, ambayo inawaliza maadui badala ya wenyeji. Hiyo ilishinda.

Kilichobaki ni kidogo mno. Sophocles alitunga michezo zaidi ya 100, tunayo 7. Ya Aeschylus ni 7, na moja inatiliwa shaka. Ya Euripides ni 19, nayo moja ina shaka. Katika karne ya nne KK Athens iliandaa nakala rasmi za watunzi hao watatu, ili waigizaji wasichezee maneno. Tabibu Galen anasimulia kwamba mfalme Ptolemy wa Misri aliziazima kwa ajili ya maktaba ya Alexandria, akaweka rehani talanta 15 za fedha, kisha akarudisha nakala mpya alizoandikisha vizuri, akabaki na zile za asili na kuiachia Athens fedha yake. Mpenzi wa vitabu atamwita mwizi, ingawa atamwonea wivu.

Katika lugha yetu, S. S. Mushi alituletea Mfalme Edipode mwaka 1971, miaka michache baada ya Makbeth yake. Mwanafunzi wa Kiswahili ameweza basi kuisoma kazi iliyomshinda Sophocles taji mwaka ule. Ya Philocles aliyelitwaa hakuna awezaye kuitafsiri, kwa maana hakuna kitu cha kutafsiri.

Lakini hasara iliyo karibu zaidi na sisi watu wa malumbano ni ya Aristophanes. Mwaka 424 KK, katika mchezo wake, alimkejeli Cratinus, yule yule aliyemtetea Sophocles, kwamba sasa ni mzee mlevi, kinanda kilicholegea nyuzi, wa kuhurumiwa tu. Cratinus hakujibu barazani. Aliomba korasi. Mwaka uliofuata alileta mchezo ambamo yeye mwenyewe ni mhusika: ameoa mke aitwaye Komedia, naye mke analalamika kwamba mumewe amemwacha kwa ajili ya chupa ya mvinyo. Aliichukua tusi ya hasimu wake, akaivaa kama joho, akacheza nayo. Yeyote anayejua jinsi Muyaka na washairi wa Lamu walivyorushiana beti atakiri kwamba hilo ni jibu la fundi. Cratinus akawa wa kwanza. Aristophanes alikuwa na mchezo wake wa Mawingu, ule unaomfanyia mzaha Socrates, ambao yeye mwenyewe aliuona kuwa ndio wenye hekima kuliko yote aliyoitunga. Akawa wa tatu, wa mwisho.

Hakuweza kulimeza. Aliurudia mchezo ule, akaubadilisha, akaingiza mahali ambapo kiongozi wa korasi anawageukia watazamaji na kusema kwa niaba ya mtunzi: kwamba alishindwa isivyostahili na watu wasio na adabu ya sanaa, na kwamba lawama ni ya watazamaji werevu ambao aliwatumainia. Toleo hilo lililorekebishwa ndilo tunalolisoma leo. Kwa mujibu wa wahariri wa kale, halikufika jukwaani.