Mkopo wa London na Milima ya Albania

Tarehe 7 Novemba 1921, David Lloyd George, Waziri Mkuu wa Uingereza, alimpelekea simu ya maandishi Sir Eric Drummond, Katibu Mkuu wa Shirikisho la Mataifa, akimtaka aliite Baraza la Shirikisho likutane bila ya kukawia, kwa kuwa majeshi ya Ufalme wa Waserbia, Wakroatia na Waslovenia, dola ambayo baadaye ulimwengu uliizoea kwa jina la Yugoslavia, yalikuwa yakizidi kusonga mbele ndani ya ardhi ya Albania. Akaongeza jambo moja ambalo ndilo lililoipa simu ile uzito wake, kwamba endapo ufalme huo utakataa au utajikokota katika kutimiza wajibu wake, Baraza liafikiane juu ya hatua za kuchukuliwa kwa mujibu wa Sharti la 16 la Mkataba wa Shirikisho.

Simu hiyo haikutaja manowari wala kikosi. Sharti lenyewe lilisema kwamba dola yoyote mwanachama itakayoshika vita kinyume cha ahadi zake ihesabiwe kuwa imewapiga vita wanachama wote, nao mara moja wakate biashara zao nayo pamoja na mahusiano yote ya fedha. Shirikisho lilikuwa halijatimiza hata miaka miwili tangu kuanza kazi yake, na hapajatokea mtu aliyethubutu kulishika sharti hilo mkononi akalionyesha kwa dola yenye jeshi. Lloyd George alilionyesha, na kabla Novemba haijaisha mambo yalikuwa yamebadilika kule milimani kwa namna ambayo wengi wa zama zile waliistaajabia.

Albania ilikuwa nchi ndogo, maskini, yenye umri mchanga na bahati mbaya. Ismail Qemali aliutangaza uhuru wake mjini Vlorë tarehe 28 Novemba 1912, wakati ambapo dola ya Uthmania ilikuwa ikitolewa Ulaya kipande baada ya kipande, na mwaka uliofuata mabalozi wa madola makubwa waliokutana London waliutambua uhuru huo na kuichora mipaka yake, wakiwaacha Waalbania wengi mno nje ya mstari. Walipelekewa mfalme wa kigeni, mwanamfalme Wilhelm wa Wied, Mjerumani, ambaye aliwasili katika masika ya 1914 na kuondoka Septemba ya mwaka ule ule. Vita Vikuu vilipokuja, majeshi ya mataifa mbalimbali yalipita humo na kukaa, na kwa mkataba wa siri uliotiwa sahihi London mwezi wa Aprili 1915 wakubwa waliafikiana jinsi ya kuigawa nchi, ilhali wenyewe hawana habari. Ilipofika Desemba 1920, Albania ikiongozwa na askofu Fan Noli katika maombi yake, ilikubaliwa kuwa mwanachama wa Shirikisho, na katika ukumbi ule msemaji aliyeipigania kwa nguvu alikuwa Lord Robert Cecil, Mwingereza aliyekalia kiti cha Afrika Kusini. Hilo ni jambo ambalo msomaji wa Kiafrika ana haki ya kulitafakari kidogo, kwa kuwa wananchi wengi wa Afrika Kusini yenyewe hawakuwa na msemaji yeyote humo.

Sasa jirani wa Albania upande wa kaskazini hakuwa mdogo. Ufalme wa Belgrade, yaani ule wa Waserbia, Wakroatia na Waslovenia, ulitoka vitani ukiwa umeongezeka mara kadhaa, na askari wake walikuwa wamekalia ardhi iliyo upande wa Albania wa mstari wa 1913, wakidai kwamba mstari wenyewe haujathibitishwa upya na kwamba makabila ya milimani ni wanyang'anyi wasiotulia. Madai hayo hayakukosa chembe ya ukweli, kwani mpaka ulikuwa kweli haujathibitishwa, na Baraza la Mabalozi wa madola makubwa mjini Paris lilikuwa likiusogeza uamuzi huo mwezi baada ya mwezi. Lakini mwezi wa Julai 1921 ilidhihirika kwamba nia haikuwa ulinzi tu. Marka Gjoni, mkuu wa Wamirdita, kabila la Kikatoliki la milima ya kaskazini, alitangaza kuwapo kwa Jamhuri ya Mirdita, na tangazo hilo hakulitoa Mirdita bali Prizren, mji uliokuwa mikononi mwa Wayugoslavia, kwa fedha na silaha za hao hao waliomkaribisha. Hila ya namna hii haijazeeka hata leo: kwanza jirani mdogo hupatiwa waasi, kisha waasi hupatiwa jamhuri, kisha jamhuri hiyo huomba msaada. Katika majira ya vuli majeshi ya Belgrade yakasonga mbele, vijiji vikachomwa, na watu wakakimbilia kusini na mizigo yao.

Hapa ndipo pa kusimama kidogo tuitazame hazina ya Belgrade, kwa kuwa ndimo ulimokuwa udhaifu wa jeshi lile. Ufalme mpya ulikuwa na madeni ya vita, reli zilizovunjwa, fedha za namna nne au tano zilizokuwa zimekusanywa na kubadilishwa ziwe dinari moja, na tamaa kubwa ya kujenga njia ya gari moshi itakayofika pwani ya Adriatiki. Hayo yote yalihitaji mkopo kutoka nje, na wakati ule ule majeshi yalipokuwa yakipanda milima ya Mirdita, mazungumzo ya mkopo yalikuwa yakiendelea London.

Serikali itakayo mkopo katika soko kama lile haikopeshwi na tajiri mmoja. Nyumba ya benki hukubali kuuza hati za deni, ikachapisha tangazo lenye kueleza kiasi kinachotakiwa, riba, muda wa kulipa, na mapato yaliyowekwa rehani, aghalabu ushuru wa forodha au mapato ya tumbaku na chumvi. Kisha madalali wakaziuza kwa watu wa kila namna, mjane mwenye akiba ya marehemu mumewe, kasisi aliyestaafu, shirika la bima, kila mmoja akitoa chake kwa kuamini tu kwamba hati aliyoinunua leo haitaporomoka kesho. Benki yenyewe haipendi kubakiwa na hati mkononi, na kwa hiyo hutega sikio kwa kila uvumi. Mtu hawezi kugombana na majirani mbele ya duka analokopa unga. Habari zilipoenea kwamba Waziri Mkuu wa Uingereza mwenyewe amelitaja Sharti la 16, yaani kwamba huenda ikawa haramu kwa raia wa nchi zote wanachama kuikopesha Belgrade au kufanya nayo biashara, mkopo ulikwama, na dinari ikashuka thamani katika masoko ya Ulaya. Hapakuwa na sheria iliyopitishwa. Tishio peke yake lilitosha, kwa sababu wenye mali hawangoji sheria ipitishwe ndipo waogope.

Baraza la Shirikisho lilikutana Paris kuanzia tarehe 16 hadi 19 Novemba. Upande wa Uingereza alikaa H. A. L. Fisher, mwanahistoria aliyekuwa waziri wa elimu katika serikali ya Lloyd George, mtu mpole wa maneno, ambaye aliieleza sababu ya serikali yake kuchukua hatua nzito kama ile dhidi ya dola iliyokuwa rafiki yake vitani. Mjumbe wa Belgrade, Bošković, aliulalamikia uamuzi wa mpaka, ambao Baraza la Mabalozi lilikuwa limekwisha kuutoa, kuwa ni dhuluma kwa nchi yake, lakini akatamka kwamba serikali yake itautii na majeshi yataondoka. Yakaondoka. Jamhuri ya Mirdita ikaanguka siku zile zile, bila ya walioiunda kuitolea machozi, na Shirikisho likapeleka tume yake kwenda kutazama kwa macho kama mpaka umeheshimiwa.

Kisa hiki waandishi wa Shirikisho walikipenda mno, na ni haki yao, kwa maana hawakuwa na vingi vya kujivunia. Hata hivyo mimi naona wamekisimulia kwa upande mmoja. Siku mbili baada ya simu ya Lloyd George, tarehe 9 Novemba, Baraza la Mabalozi lilikata shauri juu ya mpaka, na katika kukata huko likauthibitisha mstari wa 1913 huku likiurekebisha hapa na pale kwa faida ya Belgrade, hata majeshi yaliyorudi nyuma hayakurudi mikono mitupu. Fauka ya hayo, Uingereza, Ufaransa, Italia na Japani zilitia sahihi tamko kwamba ikiwa siku moja Albania itashindwa kuilinda ardhi yake, basi Italia ndiyo itakayopewa kazi ya kuirejeshea. Kwa maneno mengine, kondoo aliondolewa katika meno ya mmoja akaandikiwa mlinzi mwenye meno makubwa zaidi. Fedha ilifanya kazi mwaka ule kwa sababu wakubwa wote walikuwa wamekwisha kupatana, na kwa sababu mkosaji alikuwa amesimama mlangoni pa mkopeshaji wakati huo huo alipokuwa akikosa. Mkopo wenyewe haukuharamishwa milele: mwaka 1922, mpaka ukiwa umetulia, Belgrade ilipata ahadi ya dola milioni 100 kutoka kwa Blair & Co. ya New York, kwa ajili ya reli ile ile ya Adriatiki.

Miaka minne baada ya kisa hicho cha Albania, jambo kama hilo lilitokea katika mpaka wa Ugiriki na Bulgaria. Mwezi wa Oktoba 1925, baada ya askari wa Kigiriki kuuawa mpakani, Jenerali Pangalos, mtawala wa Ugiriki, aliliingiza jeshi lake Bulgaria, karibu na mji wa Petrich. Bulgaria, iliyopokonywa silaha kwa mkataba wa amani, ililalamika kwa Shirikisho huko Geneva, na Aristide Briand, aliyekuwa akilisimamia Baraza, akazipa pande mbili saa 60 kuwa zimerudi makwao. Ugiriki ilirudi, na mwishowe ikatozwa fidia ya pauni 45,000. Wengi husifu ukali wa Briand. Ni wachache wanaokumbuka kwamba mwaka mmoja tu kabla ya hapo Ugiriki ilikuwa imepata, kwa udhamini wa Shirikisho hilo hilo, mkopo wa zaidi ya pauni milioni 12 wa kuwapa makao wakimbizi waliofukuzwa Anadoli, watu zaidi ya milioni moja. Ni vigumu kumkaidi anayekulishia wakimbizi wako.

Lakini Oktoba 1935, Mussolini alipoivamia Uhabeshi, mambo yalikuwa mengine kabisa. Madola zaidi ya 50 yalikubaliana kumnyima mikopo na kutonunua bidhaa zake, na amri hiyo ikaanza kutumika tarehe 18 Novemba, miaka kumi na nne baada ya kikao kile cha Paris. Yeye hakuwa mlangoni pa mtu. Vita vilikuwa vimekwisha kuanza, heshima yake yote ilikuwa imewekwa humo, na mafuta ya magari na ndege zake hayakutiwa katika orodha ya vilivyokatazwa, kwa kuwa Paris na London ziliogopa kumsukuma upande wa Ujerumani. Mfereji wa Suez uliachwa wazi, na meli zake zikapita zikilipa ushuru wake, zikishusha askari Massawa, na Mogadishu pia, katika pwani iliyo jirani na yetu. Tarehe 18 Desemba wanawake wa Italia, Malkia Elena akiwa mbele, walitoa pete zao za ndoa ziyeyushwe kuisaidia hazina, na katika kubadilishana wakapewa pete za chuma. Ni tukio ambalo waliotunga vikwazo hawakulitarajia: hasira ya ulimwengu mzima ilimsaidia mkosaji kuwakusanya watu wake. Addis Ababa ilianguka tarehe 5 Mei 1936, Wahabeshi wengi wakavuka mpaka na kuingia Kenya wakiwa wakimbizi, na vikwazo vikaondolewa tarehe 15 Julai.

Na Albania je? Mlinzi aliyeandikiwa mwaka 1921 alianza kazi yake kwa daftari. Ahmet Zogu, kiongozi wa Albania, ambaye Desemba 1924 alirudi madarakani kwa msaada wa jirani yule yule wa kaskazini, aligeuka upesi akatazama Roma, na mwaka 1925 Benki ya Taifa ya Albania ilianzishwa kwa mtaji wa Kitaliano, ikawa na haki ya kutoa fedha ya nchi huku makao yake makuu yakiwa Roma. Na kampuni ya Kitaliano ikaikopesha serikali faranga za dhahabu milioni 50, za kujengea barabara na madaraja ambayo makandarasi wake walikuwa Wataliano. Zogu akajitangaza mfalme mwaka 1928. Deni halikulipika, na kila lilipoahirishwa Roma iliomba kitu kingine badala yake. Tarehe 7 Aprili 1939 majeshi ya Italia yalishuka Durrës na bandari nyinginezo, na wale waliotia sahihi tamko la 1921 hawakuiita mikutano ya aina ile ya Paris.

Dhahabu ya benki ile ilikuwa Roma. Mwaka 1943 Wajerumani waliichukua, zaidi ya kilo 2,300, na baada ya vita iliyopatikana iliwekwa chini ya tume ya madola matatu, Uingereza, Ufaransa na Marekani. Uingereza ilizuia Albania isipewe, kwa sababu mwaka 1946 manowari zake mbili ziliripuliwa na mabomu ya baharini katika mlangobahari wa Corfu, kando ya pwani ya Albania, wakafa mabaharia 44, na fidia ya pauni 843,947 iliyoamriwa na Mahakama ya Kimataifa mwaka 1949 haikulipwa. Serikali za London na Tirana zilipatana juu ya shauri hilo mwaka 1992, na kiasi cha kilo 1,500 za dhahabu zikakabidhiwa Albania mwaka 1996.