Stesheni wagoni au SUV: lipi huipa familia nafasi na starehe zaidi?

Nchini Kenya, Tanzania na Uganda, gari la kwanza la familia nyingi huwa limekwisha kutumika Japani kabla ya kupakiwa melini kuelekea Mombasa au Dar es Salaam. Mara nyingi mnunuzi hulichagua kwa kutazama picha, na wengi huamini kwamba gari refu la SUV lina nafasi kubwa kuliko stesheni wagoni. Vipimo vinaonyesha kuwa jambo hilo si la hakika.

Ukubwa wa nje na nafasi ya ndani

Nafasi ya miguu hutegemea zaidi umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma kuliko kimo cha gari. Toyota Corolla Fielder iliyoanza kuuzwa mwaka 2006 ina umbali wa milimita 2,600. RAV4 ya kizazi cha tatu, iliyotoka mwaka 2005, ina milimita 2,560 katika toleo fupi lililouzwa Japani. Kwa kipimo hicho, wagoni hiyo haipitwi na SUV.

Tofauti huonekana katika upana. Fielder ina milimita 1,695, kwa sababu sheria za Japani huweka kikomo cha mita 1.70 kwa magari ya kundi dogo. RAV4 hiyo ina milimita 1,815. Sentimita hizo 12 ni za upana wa nje, na sehemu yake humezwa na milango. Hata hivyo, watu wazima watatu wakikaa nyuma, mabega yao hupata nafuu. Anayekaa katikati huangalia pia sakafu: katika magari mengi yanayoendeshwa kwa magurudumu manne, mwinuko unaofunika shafti humnyima pa kuweka miguu.

Mkao na safari ndefu

Katika SUV, kiti huwekwa juu zaidi kutoka sakafuni. Mapaja hupata pa kuegemea na magoti hayapandi kuelekea kifuani. Mzee mwenye maumivu ya magoti huingia kwa urahisi pale kiti kinapokuwa karibu na usawa wa nyonga zake. Wagoni humlazimisha kuinama, ilhali SUV kubwa kama Land Cruiser Prado humtaka apande.

Kimo hicho kina gharama yake. Kadiri abiria anavyokaa juu, ndivyo anavyoyumbishwa zaidi kwenye kona na mashimo. Watoto wanaotapika safarini mara nyingi huona nafuu katika gari la chini lisiloyumba sana. Hata hivyo, kwenye barabara mbovu ya udongo, SUV yenye matairi mapana na springi ndefu hupunguza mishtuko.

Buti na safu ya tatu

Buti la wagoni huwa refu na mlango wake uko chini, hivyo gunia la viazi hunyanyuliwa kidogo tu. Buti la SUV huwa fupi lakini lina kimo. Anayelinganisha lita katika matangazo hana budi kujua kama zimepimwa hadi usawa wa madirisha au hadi kwenye paa, kwani tofauti inaweza kuwa kubwa.

Viti vya safu ya tatu huwafaa zaidi watoto. Sakafu yake huwa juu, magoti hukunjwa, na mizigo hukosa mahali. Familia ya watu saba hulazimika kuchagua kati ya abiria na mabegi, au kupakia juu ya paa na hivyo kulifanya gari liwe jepesi kupinduka.

Gari la mzigo lililogeuzwa la abiria

Toyota Probox, iliyoanza kuuzwa mwaka 2002, inastahili tahadhari ya pekee. Kwa sura ni wagoni, lakini toleo lake la mzigo lilibuniwa kwa ajili ya biashara. Sheria za Japani hutaka eneo la mizigo la magari ya aina hiyo liwe kubwa kuliko la abiria. Ndiyo maana kiti chake cha nyuma ni chembamba, kimenyooka na kina nafasi ndogo ya miguu. Kenya, na pia Tanzania ambako baadhi ya magari madogo ya abiria huitwa michomoko, abiria wengine huketishwa hata kwenye buti. Hapo hapana mkanda wala kichwa hakina kinga, na gari likigongwa kwa nyuma, wao ndio wa kwanza kuumia.

Ya kupima kabla ya kulipa

Dereva akae kwanza na kurekebisha kiti chake, kisha mtu wa kimo kilekile akae nyuma yake. Magoti yasiguse kiti cha mbele. Kila abiria awe na mkanda unaofunga, na kiti cha mtoto kijaribiwe humo humo garini.

Kwa Rwanda, Burundi na Kongo, ambako magari hupita upande wa kulia, lipo jambo la ziada. Katika gari lenye usukani wa kulia, abiria wa mbele hushukia upande wa magari yanayopita. Watoto wa nyuma nao wafunguliwe mlango wa kulia, ulio pembezoni mwa barabara.