Tuliutazama Mkono

Soko la Darajani limesimama tangu 1904. Hapo ami yangu aliuza mdalasini na karafuu, hadi mkono wake wa kulia ulipoanza kutetemeka. Wengine wakasema uzee, wengine wakasema shetani. Miye nikicheka tu: "Ami, mizani inacheza!"

Mwaka 1817, huko London, daktari James Parkinson aliyaeleza maradhi haya katika kijitabu. Aliona mtetemo, aliona mwendo. Akaandika kuwa akili haidhuriki. Leo madaktari wanajua zaidi: dopamini hupungua ubongoni, na sonona, ile huzuni nzito, huweza hata kuutangulia mtetemo. Ni sehemu ya maradhi, si uchache wa imani.

Sisi nasi tuliutazama mkono tu. Ami akaacha baraza, akaacha kahawa, mwisho hata salamu hajibu. Tukasema ana kiburi. Hospitali ya Kidongo Chekundu i mjini humu humu, lakini kwetu jina hilo lilikuwa tusi.

Alfajiri moja akajitoa roho. Tukamzika haraka, na nyumbani hatajwi.

Vijana wenzangu, mkimwona mtu mkono unamtetema, muulizeni na moyo wake. Miye sikumuuliza.